Anayedaiwa na Marehemu Aione Familia

Siku kumi na mbili sijaandika neno la asubuhi hapa, na wengi wenu mmenitumia ujumbe mkiuliza kama ni mgonjwa. Si mgonjwa. Nilikuwa Vihiga kumzika rafiki yangu, na tangu nirudi Nakuru kila nikishika simu niandike nashindwa pa kuanzia. Leo nitaandika. Litakuwa refu kuliko kawaida, kwa hivyo kama uko kazini lisome jioni ukishatulia.

Jina lake sitalitaja. Mkewe ameniruhusu niandike yote, hata ya daftari, ila aliniomba nisiweke jina kwa sababu watoto wengine bado wako shule. Hata hivyo hapa mtaani ni wachache waliolijua jina hilo. Yeye alikuwa Baba Pacha, basi. Ukiuliza jina lingine watu walikutazama kama umepotea njia.

Alikuwa na bucha. Chumba kimoja, dirisha la kioo mbele, kulabu za kuning'inizia nyama, gogo lililokatiwa nyama miaka mingi hadi katikati likawa na shimo, mizani, na redio ndogo juu ya kabati. Koti jeupe lilikuwa halimtoshi tumboni, na hakuwahi kununua kubwa zaidi kwa sababu alisema akinunua kubwa tumbo litajua limeruhusiwa.

Mtu akija akisema, "Nipimie nusu, lakini usiweke mifupa," alimjibu, "Mama, ng'ombe wangu alikuwa anatembea. Hakuwa nyoka." Kijana akiuliza kama nyama ni laini, aliinama akaiuliza nyama yenyewe, akatega sikio, kisha akamwambia, "Inasema inategemea na meno yako." Nimezisikia utani hizo mara mia. Na mara ya mia nilicheka, ingawa nilikuwa nimeamua kutocheka.

Sasa, mnajua mizani za bucha zetu. Sitasema zaidi, nina washirika wenye bucha. Yake ilikuwa ya kweli, lakini hakuridhika na ukweli. Akishapima nusu kilo yako, akishaitoa na kuifunga kwenye gazeti, alikata kipande kingine akakitupa juu yake na kusema, "Hiki ni cha paka." Alimfanyia hivyo kila mtu. Mimi sina paka. Sijawahi kufuga paka maisha yangu yote. Lakini nyama ya paka huyo nimeila miaka kumi na minne.

Aliingia Nakuru mwaka wa 1998 akiwa kijana wa kubeba nyama kutoka kichinjio. Mkewe ni Mjaluo wa upande wa Kisumu, yeye Mluhya wa Maragoli, na wale mnaofuata mpira mnajua maana yake. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inaitwa ya Mashemeji, na kwake haikuwa jina tu, ilikuwa nyumba yake. Baba wa Ingwe, mama wa K'Ogalo, watoto wamegawanyika. Sheria yao ilikuwa kwamba aliyeshindwa atavaa jezi ya mwenzake Jumatatu nzima. Na kwa miaka hii ya karibuni, wapendwa, Leopards haijamhurumia. Nimemkuta mara nyingi amesimama nyuma ya gogo na jezi ya kijani imemkaba shingoni, wateja wa Gor wamejaa mlangoni wakimpiga picha, naye amewapunguzia bei ya matumbo kwa ajili ya msiba wake.

Saa mbili usiku alifunga. Alipofika kwenye kona ya ploti yao alipiga mluzi, na pacha wakatoka mbio. Walipokuwa wadogo aliwasimamisha juu ya viatu vyake, mmoja kiatu cha kulia, mwingine cha kushoto, akawachezesha hadi kwenye mlango. Jumapili baada ya ibada yeye ndiye aliyepika. Alikanda unga wa chapati mwenyewe, akamkalisha mkewe kwenye kiti na kumkataza kuinuka, na kama majirani walimcheka kwamba amekaliwa, alitoka nje na mwiko mkononi akawauliza wao mchana wamekula nini.

Nimewaeleza haya kwanza ili mjue ni mtu gani ninayemzungumzia. Sasa nieleze jinsi nilivyomtendea mimi.

Mwaka wa 2016 tulikuwa na kambi ya vijana, na usiku wa mwisho walifanya michezo ya kuigiza. Baba Pacha alikuwa amekuja kupika, lakini wakamwita mbele. Akaomba koti. Akalivaa, akashika upande mmoja wa koti hivi, akainua kidole, akaanza kuhubiri. Alikuwa ananiiga mimi. Kikohozi changu, jinsi ninavyopanda kwa vidole vya miguu nikifika kwenye toba, jinsi ninavyosema "nisikilizeni" mara tatu wakati kila mtu tayari anasikiliza. Vijana walianguka chini kwa kicheko. Mke wangu alicheka hadi akalia machozi. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

Miezi mitatu baadaye wazee wa kanisa waliniletea orodha ya watu waliopendekezwa kuwa mashemasi. Jina lake lilikuwa la kwanza. Nilichukua kalamu nikalipiga mstari. Wakaniuliza kwa nini. Nilisema, "Ndugu huyu ni mwema, lakini hana uzito." Wakanyamaza, kwa sababu mimi ndiye mchungaji. Nilijiambia ni hekima. Nilijiambia nyumba ya Mungu si mahali pa mzaha. Kumbe Sara alipopata mtoto wa ahadi, mtoto mwenyewe aliitwa Isaka, na maana ya Isaka ni kicheko. Nilijua hilo tangu chuo cha Biblia. Nililijua kwa ajili ya mtihani.

Yeye aliendelea kuja kanisani, akikaa safu ya nyuma karibu na mlango, akibeba watoto wa watu waliolala. Nilidhani hakujua.

Kisha ikaja 2020. Mnakumbuka. Mwezi wa tatu makanisa yalifungwa, na wengi hamkuwahi kujiuliza mchungaji wa kanisa dogo anakula nini kanisa likifungwa. Sadaka ilikwisha wiki ya pili. Watoto wangu wote walikuwa nyumbani, shule zimefungwa, wanakula mara tatu kwa siku kana kwamba ni likizo. Mwezi wa sita mwenye nyumba alikuja na kufuli mkononi. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Unamwambia nani, na wewe ndiye unayewaambia watu kwamba Mungu atatoa?

Nilienda kununua mifupa ya supu ya shilingi 50, nimevaa barakoa, na nikadhani barakoa itanificha uso. Baba Pacha alinitazama tu. Akamwambia kijana wake aende akanunue mkaa, na mkaa ulikuwepo, niliuona. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Pasta, ni ngapi?" Sikujibu. Akasema, "Sikuulizi kilo."

Miezi mitatu kwa 8,000. Alitoa 24,000. Zingine zilikuwa kwenye simu, zingine alizitoa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa chini ya meza. Kisha akavuta daftari, lile la madeni ya nyama, akaandika. Nadhani aliona uso wangu ukibadilika. Akasema, "Usihofu, Pasta. Naandika ili Mama Pacha asije akadhani nimempa mwanamke."

Mwezi wa saba tulifunguliwa, watu mia moja, saa moja tu, wazee na watoto wabaki nyumbani. Pole pole sadaka ikarudi. Na hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Mwaka wa 2021 tulinunua spika mbili kubwa kwa ajili ya kanisa, na katika zile pesa mimi mwenyewe nilichangia 20,000 mbele ya watu, wakanipigia makofi. Mwaka uliofuata nilibadilisha magurudumu ya gari. Kila nilipopita kwenye bucha nilisema moyoni, wiki ijayo. Halafu nikaanza kupita barabara ya juu ili nisipite kwenye bucha.

Alinitumia mtu wa boda boda siku moja na kilo ya nyama na ujumbe. Kijana akausoma kwenye simu mbele ya mke wangu: "Baba Pacha anauliza, Pasta umeokoka na nyama pia?"

Hakuwahi kunikumbusha. Hata kwa utani hakunikumbusha, na yeye alitania kuhusu kila kitu.

Alikuwa na sukari na presha kwa miaka, akimeza dawa akikumbuka. Jumatatu ile alikuwa kichinjioni saa kumi na moja alfajiri, akachagua ng'ombe, akasema anahisi kizunguzungu, akakaa juu ya ndoo. Saa tatu asubuhi mwanawe mkubwa alinipigia simu. Alisema neno moja tu, "Pasta," na nikajua. Alikuwa na miaka 54.

Tulikusanyika jioni saba mfululizo kwenye ploti yao. Hema, viti vya kukodisha, chai, mkate, nyimbo, na karatasi ya kamati ikizunguka. Mmehudhuria matanga, mnajua kwamba ushuhuda mwingine huwa ni wa kupita na njia. Wa pale haukuwa hivyo. Ilibidi tuweke utaratibu wa dakika mbili kila mtu, na haukufuatwa.

Shosho mmoja aliletwa akishikiliwa mikono. Alisema Januari ya 2008, watu walipofukuzana hapa, yeye na wajukuu walikuwa wamelala kwenye kambi ya uwanja wa maonyesho, na kijana Mluhya mwenye bucha alikuja jioni na sufuria ya supu kwenye mkokoteni. Wakati ule kabila lake na kabila la yule mama hazikuwa zikisalimiana. Alikuja tena kesho yake. Shosho alisema, "Nilimwuliza, hauogopi? Akaniambia, naogopa sana, kunywa haraka nirudishe sufuria." Watu walicheka na kulia pamoja, na mimi niliyeongoza ibada sikujua niwanyamazishe vipi.

Mwalimu wa chekechea alisema kila Ijumaa alipelekewa maini ya watoto wasio na chakula cha mchana. Kondakta akasema alilipiwa leseni. Mama anayeuza mboga mbele ya bucha alisema yeye hakupewa kitu kikubwa, ila miaka tisa hakuwahi kufungua kibanda chake bila mtu kumwuliza amelalaje.

Usiku ule nilisoma Matendo 9, habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha mavazi ambayo mama huyo aliwashonea alipokuwa nao. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi. Lakini wakati huu nilifikiria jambo dogo. Kazi ya Dorkasi ilibaki, ungeweza kuishika kwa mkono. Kazi ya Baba Pacha ililiwa ikaisha siku ile ile. Hakuna mtu aliyeweza kuinua kitu na kusema tazama. Walikuwa na midomo yao tu, na ndiyo maana hawakutaka kuachia maikrofoni.

Mama Pacha alikaa mbele jioni zote saba. Hakulia sana. Alisikiliza kila mtu mpaka mwisho, na mimi niliuona ule uso nikadhani ni faraja.

Alhamisi usiku tuliondoka na mwili. Basi mbili, gari la jeneza, na lori dogo lililobeba viti, sufuria na spika za kanisa. Mau Summit, Kericho kulipokuwa na ukungu, Ahero kukapambazuka, Kisumu tukanywa chai, kisha tukapanda Kiboswa kuelekea Majengo. Shemeji zake kutoka Kisumu walitupokea njiani, na mmoja wao alikuwa amevaa jezi ya Gor. Wazee walikunja nyuso. Kisha Mama Pacha akashuka kwenye basi, na shingoni amejifunga skafu ya bluu na nyeupe, ya Leopards. Yeye, aliyekuwa wa Gor tangu tumboni. Shemeji akavua jezi akaigeuza ndani nje, akaivaa hivyo siku zote mbili.

Tulipofika bomani niliona nyumba. Ilikuwa nyumba ya matofali ya vyumba vitatu ambayo Baba Pacha alianza kujenga zaidi ya miaka sita iliyopita. Kuta zilikuwa zimepauka kwa mvua, na nyasi zilikuwa zimeota juu ya renta. Lakini mabati yalikuwa mapya, yaking'aa hadi yanaumiza macho. Kule kwao mwanamume hazikwi kwenye boma bila nyumba yake. Kwa hivyo wiki ile kamati ilitoa pesa, mafundi wakafanya kazi mchana na usiku, na paa likawekwa siku tatu kabla mwenyewe hajaletwa alale chini yake usiku mmoja.

Nilihesabu mabati upande wa mbele. Sikutaka kuhesabu. Macho yalihesabu yenyewe. 24,000 zingenunua kama ishirini.

Jumamosi tukazika. Binti mkubwa alisoma wasifu wa marehemu. Wa Ingwe wakaimba zao, isukuti zikapigwa, mimi nikahubiri, na nilihubiri vizuri, Mungu anisamehe. Kabla ya kwenda kaburini mzee wa ukoo alinipa karatasi yenye matangazo kwa sababu sauti yake ilikuwa imekauka. La kwanza, magari yaliyozuia njia yasogezwe. La pili, chakula. La tatu mnalijua. Nikashika upande wa koti langu, nikasoma:

"Kama kuna mtu anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aione familia baada ya mazishi."

Sauti yangu ilitoka kwenye zile spika za 2021 ikagonga mawe makubwa ya kule mlimani ikanirudia. Kulikuwa na watu zaidi ya elfu. Hakuna aliyetikisika. Niliinua macho, na Mama Pacha alikuwa ananitazama moja kwa moja.

Baada ya mazishi watu walikula wakaenda. Nilimwona kijana mmoja wa boda boda aliyekuja nasi kutoka Nakuru akimfuata mwana wa marehemu nyuma ya nyumba na kumpa shilingi 300. Kijana yule hana kazi ya kudumu. Mimi nilipanda basi. Nilimkumbatia mama, nikamwambia Bwana ni mume wa wajane, nikapanda basi.

Hizo ndizo siku nilizokaa kimya hapa. Kuna habari katika 2 Wafalme 4 ambayo wahubiri wote tunaipenda. Mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii anamlilia Elisha kwamba mwenye deni amekuja kuwachukua wanawe, na Elisha anamwuliza ana nini nyumbani, na mafuta yanaongezeka. Nimehubiri juu ya chupa ya mafuta, juu ya vyombo vya majirani, juu ya kufunga mlango. Usiku wa tatu nilishtuka kitandani kwa sababu niliona kwamba katika habari yangu mimi, mjane yuko, vyombo vitupu viko, na nabii ndiye mwenye deni.

Mke wangu hakuwa amelala. Akauliza gizani, "Umeshaongea na Mama Pacha?" Nikamwambia bado. Akasema, "Mimi nilidhani ulilipa 2021." Hakuongeza kitu. Asubuhi nilikuta 5,000 juu ya Biblia yangu, zamu yake ya chama. Mimi nilikuwa na 11,000. Nikaenda.

Bucha ilikuwa imefunguliwa. Mwana mkubwa alikuwa kwenye gogo, na Mama Pacha amekaa kando ya mizani, amevaa lile koti jeupe la mumewe, mikono ameikunja mara tatu. Nilianza na salamu, nikaendelea na neno la kumtia moyo, na kwa kweli sijui neno hilo lingeisha lini kama hangenikatiza.

"Pasta," alisema, "keti."

Akatoa daftari chini ya mizani. Hakulitafuta ukurasa, kidole chake kilienda moja kwa moja. Mwandiko wa Baba Pacha, mkubwa, wa mtu aliyeandika na mikono yenye mafuta. Jina langu. Kodi, 24,000. Tarehe.

"Na nyama," akasema. "3,850."

Nilikuwa nimesahau nyama. Nawaambia ukweli mbele za Mungu, kwa wiki nzima nilikuwa nikitubu deni moja, na yalikuwa mawili.

Akasema, "Wewe ndiye ulisoma tangazo. Nilikuwa nimekaa pale. Nikasema moyoni, sasa atashuka aje. Ukapanda basi."

Sikuwa na jibu. Kisha akafunga daftari akaniambia lote lina 214,300. Akasema mambo ambayo ameniruhusu niyaandike. "Jioni saba mmesimama hapo mkisema alikuwa na mkono mkunjufu. Nilikuwa nasikiliza. Kila mtu akisema alipewa, mimi nasikia mvua ikinyeshea kuta zangu. Krismasi sita tumelala kwa ndugu yake, watoto sakafuni. Nikimwuliza paa, ananiambia watu watalipa tu, Mama, watu si wabaya. Halafu ananichekesha. Pasta, huwezi kugombana na mtu anayekuchekesha. Unabaki na hasira yako peke yako jikoni."

Akanyamaza, akampimia mteja robo, akarudi.

"Usifikiri ninamlaumu. Ningeletewa mwingine mwenye nyumba tano na asiyecheka, ningemrudisha. Lakini msimsifu mkaacha deni lake hapa."

Nilimwambia kuhusu ile orodha ya mashemasi. Sijui kwa nini nilimwambia siku ile. Nadhani nilikuwa nimeanza kulipa na sikutaka kubakisha. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekuja kukiri sukari iliyolambwa mwaka jana.

"Alijua jioni ile ile. Mzee mmoja alimwambia. Siku hiyo hakupiga mluzi. Alikaa nje kwenye kigoda hadi saa sita, na mimi nikaogopa, maana sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Halafu akaingia akasimama juu ya mizani aliyokuwa ameileta kutengeneza, akaniita nije nisome. Kilo mia na kumi. Akasema, 'Mama Pacha, kesho mpelekee Pasta hii mizani yake imeharibika.'" Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike, kisha akajifuta macho kwa mkono wa lile koti. "Nikamkataza. Ningekuja, Pasta. Ningekuja nayo kweli."

Nikatoa 16,000. Hakusema acha, hakusema Mungu akubariki. Alizihesabu noti moja moja, akarudia, akafungua daftari, akaandika kilicholipwa na kilichobaki, 11,850, akanigeuzia kalamu niweke sahihi. Niliweka. Kisha nikanunua nusu kilo kwa pesa taslimu. Kijana akapima, mshale ukasimama sawasawa kwenye nusu, akafunga. Mkono wake ulirudi kwenye nyama, ukakaa juu yake na kisu, akamtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama daftari. Kijana akaweka kisu chini.

Nilishukuru, nikaenda nyumbani na nusu kilo yangu.

Iliyobaki nitaipeleka mwisho wa mwezi huu. Niliwaambia wazee wa kanisa yote haya Jumatano, pamoja na habari ya orodha, na nimewaomba wao ndio wanipe maneno ya kusema mbele ya kanisa Jumapili, nisiyatunge mwenyewe.

Wale wa Nakuru mnaosoma hapa, na wale mliohama lakini mliwahi kukaa upande wetu: bucha inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, inafungwa saa mbili usiku. Daftari liko chini ya mizani. Kama hukumbuki ni kiasi gani, Mama Pacha atakusomea. Kama uko mbali, niandikie nami nitamwuliza akupe nambari ya kutuma. Usinitumie mimi hizo pesa.